Kila Mpangilio Una Mpangaji?

Neno "maumbile" lina mtego ndani yake. Limetokana na "umba", na ukoo wake ni huo huo wa "umbo", "kiumbe" na "Muumba". Kwa hiyo anayeuliza kwa Kiswahili kama maumbile yana dalili za kuumbwa ameshajijibu kabla ya kufika kwenye alama ya kuuliza. "Mpangilio" nao hauna nafuu: ukilisikia tu neno hilo, akili inaanza kumtafuta mpangaji, na simzungumzii yule wa kulipa kodi. Si kosa la lugha. Ila katika ubishi kama huu ni vizuri kujua mapema kwamba maneno yenyewe yameshaegemea upande mmoja, na ndiyo maana humu nitatumia zaidi neno "asili".

Ubishi wenyewe huibuka upya kila mara video ile ile inaporushwa kwenye makundi ya simu: mkia wa bakteria ukizunguka kama mota ya boti, na chini yake maandishi yanayouliza kama mashine ya namna hii ingeweza kujitengeneza. Baadhi humtukuza Mungu, baadhi hucheka, na mazungumzo huishia kwenye kejeli. Katikati ya kelele hizo limo swali zuri ambalo halipewi nafasi. Je, mtu anaweza kuitazama ruwaza iliyomo katika asili akasema, kwa hoja na si kwa imani peke yake, kwamba hapa ipo kazi ya akili?

Tutenganishe maneno matatu kwanza. Ruwaza ni kitu kinachojirudia au kinachofuata utaratibu: mistari ya pundamilia, pembe sita za chembe ya theluji. Utata ni wingi wa sehemu zinazotegemeana, kama jicho au kundi zima la mchwa. Usanifu ni jambo jingine: ni ruwaza au utata uliotokana na nia. Kuna aliyelenga kitu, akachagua njia, akatenda. Ruwaza huonekana kwa macho, na utata unaweza kuhesabiwa sehemu zake. Nia haionekani. Inabidi ikisiwe kutokana na alama inazoacha, na ugumu wote wa mada hii umo katika kukisia huko.

Hoja inayoitwa "usanifu wenye akili" inadai kwamba baadhi ya sehemu za viumbe hai zina alama za nia zinazoweza kutambuliwa kisayansi, hata bila kumtaja mwenye nia hiyo ni nani. Isichanganywe na imani kwamba Mungu ndiye chanzo cha vyote. Mtu anaweza kuwa na imani hiyo kwa moyo wake wote na bado akaona hoja hii haishiki. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu (maelezo yote ya urithi) ya binadamu nchini Marekani, ni Mkristo asiyejificha, na anayakubali mageuko ya viumbe, yaani kwamba aina za viumbe zimetokana na nyingine za kale kwa kubadilika kizazi baada ya kizazi. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1996 kwamba nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu. Kwa hiyo wale wanaochora mstari mmoja, waumini huku na wanasayansi kule, wanachora mahali pasipo na mpaka.

Alama tatu ufukweni

Twende ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Alama ya kwanza utakayoiona ni matuta madogo ya mchanga yaliyolala sambamba kama mbavu, nafasi kati ya tuta na tuta karibu sawa kote. Hakuna anayeuliza nani kapita na reki. Maji yalikwenda na kurudi, chembe zikasukumwa, palipoinuka kidogo pakazikinga zile zilizo nyuma yake, tuta likakua hadi likafikia kimo ambacho maji hayaliruhusu kuzidi.

Alama ya pili inashangaza zaidi. Ni vidonge vya mchanga, vidogo kuliko punje ya mbaazi, mamia kwa mamia, vimejipanga katika mistari inayotawanyika kutoka kwenye tundu kama miale ya jua. Mwenye kazi ni kaa mdogo wa fukwe za Bahari ya Hindi na Pasifiki. Maji yakikupwa hutoka tunduni, huchota mchanga mdomoni, huchuja vijidudu na mabaki yanayolika, hukitema kidonge kilichobaki, husogea hatua moja, huchota tena. Njia ya kukimbilia tunduni huiacha wazi. Anakula tu. Ua lile zuri la mchanga ni makombo ya mlo wake, na maji yakijaa linafutika.

Alama ya tatu ni jina la mtu lililoandikwa kwa kijiti.

Kwa hii ya tatu husiti hata nukta moja: kuna mtu kapita. Lakini kwa nini? Si kwa sababu ina utaratibu kuliko nyingine, maana matuta ya mchanga yana utaratibu kuliko mwandiko wa mtu yeyote. Si kwa wingi wa sehemu pia; jina lina herufi tano au sita, vidonge vya kaa ni mamia. Umejua kwa sababu unazijua herufi, unawajua watu, unajua vidole na vijiti vinaweza nini, na unajua kwamba watu hupenda kuacha majina yao popote. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili hiyo inafanya kazi kwa mtu aliyewahi kuona mawingu na mvua vikiandamana. Kwa asiyewahi kuona mvua maishani mwake, mawingu ni mawingu tu.

Wanaoifanya kazi hii ya kutambua nia kila siku ni wanaakiolojia. Mpe mmoja wao kipande cha jiwe chenye makali naye atakigeuza polepole kwenye mwanga. Anatafuta pale juu pahali bapa palipopokea pigo. Chini yake kidogo anatafuta nundu, uvimbe laini unaobaki pale nguvu ilipoingia ndani ya jiwe, kisha mikunjo hafifu inayosambaa kutoka kwenye nundu hiyo kama viwimbi vya maji yaliyotupiwa kokoto. Mgongoni anatafuta makovu ya vipande vilivyotoka kabla ya hiki. Jiwe linaloviringishwa na mto huvunjika pia, ila mapigo yake huja ovyo, huku na kule. Makovu yaliyofuatana kwenye ukingo mmoja, kila pigo likitumia nafasi iliyoachwa na lililotangulia, ni habari nyingine. Kwa ushahidi wa aina hiyo, mwaka 2015 watafiti walitangaza zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3 kutoka Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, za kale kuliko mabaki yoyote yanayojulikana ya Homo, jenasi yetu, yaani kundi la binadamu na jamaa zake wa karibu kabisa.

Mwaka uliofuata likaja jambo la kuwatoa jasho. Katika hifadhi ya Serra da Capivara nchini Brazili, kima aina ya kapuchini walionekana wakigonga jiwe kwa jiwe, na vipande vilivyomeguka vilikuwa na sifa zile zile: pahali bapa, nundu, makali. Kima wenyewe hawakukatia kitu chochote. Waligonga, wakaramba unga wa jiwe, wakaendelea na shughuli zao. Ruwaza ya chombo ilikuwepo bila nia ya kutengeneza chombo.

Wanaakiolojia hawakuzitupa zana zao za kale kwa sababu hiyo. Walichokumbushwa ni kwamba kipande peke yake hakitoshi. Je, kuna mifupa karibu yenye alama za kukatwa? Mawe yaliletwa kutoka mbali? Makali yamechakaa kwa matumizi? Maswali yote hayo yanamhusu mtengenezaji: uwezo wake, mahitaji yake, vifaa vyake, mipaka yake. Ukiyaondoa, unabaki na jiwe lenye makali.

Hata anga imewahi kutoa mtihani kama huo. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikuwa akipekua karatasi za kurekodia mawimbi ya redio kutoka angani, karibu mita 30 za karatasi kila siku, akakuta alama ndogo isiyoeleweka. Ilipochunguzwa ikawa ni mapigo yanayokuja kila baada ya sekunde 1.33, bila kukosea. Nusu kwa mzaha, chanzo hicho kikapewa jina la LGM, kifupi cha Kiingereza cha "watu wadogo wa kijani". Kabla mwaka haujaisha Bell akapata chanzo kingine cha namna ile ile upande mwingine kabisa wa anga, na ilikuwa vigumu kuamini kwamba mataifa mawili ya mbali yamechagua kutusalimu kwa mtindo mmoja. Ilikuwa ni aina ya nyota isiyojulikana, ndogo na nzito ajabu, inayozunguka kama taa ya mnara wa bahari. Utaratibu usiokosea, ambao wengi wetu tungeuita saini ya akili, ulikuwa ni mzunguko tu.

Saa haizai

Hoja ya usanifu ni kongwe. Mwanafalsafa Mwislamu Ibn Rushd aliitetea katika karne ya 12, akisema kufaa kwa ulimwengu kwa maisha ya binadamu ni ushahidi wa uangalizi wa Mungu. Mwanateolojia Mkatoliki Thomas Aquinas aliitumia katika karne ya 13. Lakini sura iliyotufikia kwenye simu ni ya kasisi Mwingereza William Paley, aliyeandika mwaka 1802: ukiokota saa porini hutasema imekuwepo siku zote kama jiwe, magurudumu yake yanakuambia kuna fundi. Na jicho, akasema, lina ufundi kuliko saa.

Kabla hata Paley hajashika kalamu, mwanafalsafa Mskoti David Hume alikuwa ameshatia mchanga kwenye gia hizo, katika maandishi yaliyotoka mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake. Kwa maneno yangu: tunajua saa zina mafundi kwa sababu tumewaona mafundi na tumeziona saa. Nani amewahi kuona ulimwengu ukitengenezwa, ili aseme huu nao unafanana na ile mingine? Na hata tukikubali mfano huo, utatupa nini? Saa hutengenezwa na mafundi wengi, wengine wabovu, na wengi wameshakufa.

Mimi huona jibu fupi zaidi limo katika kitu ambacho saa haifanyi. Saa haizai. Ingekuwa inazaa, na watoto wake wakatofautiana kidogo kidogo, na wale wanaokwenda vibaya wakafa bila watoto, tungekuwa na sababu ya kusubiri kabla ya kumtafuta fundi.

Hicho ndicho Charles Darwin alichokiongeza mwaka 1859. Kabla yake watu waliona milango miwili tu, bahati au akili, na kwa kuwa jicho haliwezi kuwa la bahati, lilibaki kuwa la akili. Yeye akaonyesha wa tatu. Viumbe hutofautiana, tofauti nyingine hurithiwa, na si wote wanaofanikiwa kuzaa. Fikiria chekeche. Halijui punje nene ni ipi na halina mpango wowote, lakini linatenganisha. Sasa fikiria chekeche ambalo kilichobaki juu yake huongezeka chenyewe, kikiwa na tofauti ndogo, kisha kinachekechwa tena mara milioni. Hiyo huitwa uteuzi asilia. Tofauti huja bila kulenga manufaa, ndiyo. Kuchekecha hakuji ovyo.

Hapo ndipo penye uzushi unaorudiwa kuliko wote, kwamba mageuko yanadai kila kitu kimetokea "kwa bahati". Chukua dadu ishirini. Ukitaka zote zionyeshe sita kwa mtupo mmoja, na ukatupa mara moja kila sekunde bila kulala, kwa wastani utangoja zaidi ya miaka milioni 100. Badilisha sharti moja tu: kila sita inayotokea unaiweka pembeni na kutupa zilizobaki. Utamaliza kwa mitupo kama ishirini, kabla chai haijapoa. Hesabu za kutisha zinazosambazwa kuhusu protini au seli "kujiunga zenyewe" huwa ni za mtupo mmoja.

Mfano huo una kasoro, na wapinzani wa mageuko wana haki ya kuitaja: mtupaji anajua kwamba anaitaka sita. Asili haina shabaha ya mbali. Kinachobakizwa ni kile kinachosaidia leo, hapa, na kesho kinaweza kuwa mzigo. Kwa hiyo swali la haki linakuwa hili: je, kila hatua ya njiani ina faida yake?

Ushindi wa mezani

Swali hilo ndilo Michael Behe, mwanabiokemia wa Marekani, alilolishika mwaka 1996. Alisema kuna mitambo ndani ya seli yenye utata usiopunguzika: ondoa kipande kimoja, mtambo wote haufanyi kazi, sawa na mtego wa panya usio na springi. Kama nusu ya mtambo haina faida, uteuzi asilia ungeipitishaje? Mfano wake maarufu ni ule mkia wa kwenye video, flajela.

Ni hoja nzuri kuliko wengi wa wanaoikejeli wanavyodhani, na inastahili jibu badala ya kicheko. Litazame daraja la tao la mawe. Toa jiwe lolote la tao, daraja linaanguka; kwa hiyo mtu angeapa kwamba mawe yote yalisimama kwa wakati mmoja. Kumbe lilijengwa juu ya jukwaa la mbao ambalo liliondolewa mwishoni. Vitu vya asili navyo hupoteza majukwaa yao. Na vipande hubadili kazi: baadhi ya bakteria wana kifaa kama sindano cha kuingizia sumu kwenye seli za wengine, nacho kinatumia protini kama kumi zilizo ndugu na zile za sehemu ya chini ya flajela. Hii haimaanishi kwamba sindano ilitangulia. Wapo wataalamu wanaoona yenyewe ndiyo iliyotokana na mkia. Inachoonyesha ni kwamba flajela isiyokamilika si lazima iwe takataka. Inaweza kuwa kifaa cha kazi nyingine.

Tunaijua historia yote ya flajela, hatua kwa hatua? Hapana. Na hapa ndipo linapoombwa jambo ambalo wapenzi wa soka wanalijua vizuri: ushindi wa mezani. Mwanahisabati William Dembski alipendekeza mwaka 1998 namna ya kuchuja. Kwanza uliza kama sheria za asili zinaeleza jambo. Kama hapana, uliza kama bahati inatosha. Kama hapana, na kama jambo lenyewe linalingana na ruwaza inayoweza kutajwa bila kulitazama, basi ni usanifu. Sharti hilo la mwisho ni la busara. Karata 52 zikichanganywa, mfuatano wowote utakaotokea ulikuwa na nafasi moja katika namba yenye tarakimu 68, lakini hatushangai mpaka ulingane na kitu. Tatizo ni kwamba usanifu wenyewe haupigi hata shuti moja. Unapewa pointi tatu kwa sababu wapinzani hawajafika uwanjani. Mchujo huo ungefanywa Cambridge mwaka 1967, wakati hakuna aliyejua sheria yoyote ya asili inayotoa mapigo yale, watu wadogo wa kijani wangetangazwa washindi.

Hata kutojua kwetu kunapungua. Tangu mwaka 1988 Richard Lenski na wenzake huko Marekani wamekuza makundi 12 ya bakteria wa E. koli kutoka mzazi mmoja, siku kwa siku. Baada ya vizazi zaidi ya 30,000, kundi moja likaanza kula sitrati, kemikali iliyokuwa ndani ya chupa zao, mahali penye oksijeni, jambo ambalo bakteria hao kwa kawaida hawaliwezi. Sampuli za zamani zilikuwa zimegandishwa, hivyo watafiti waliweza kurudi nyuma na kuanza upya, wakagundua kwamba uwezo huo ulitegemea mabadiliko ya awali yaliyotangulia maelfu ya vizazi kabla. Si flajela, sawa. Lakini ni uwezo mpya unaohitaji hatua zaidi ya moja, uliotokea chupani huku watu wakitazama.

Kisa cha mahakamani nitakipitia haraka kwa sababu mahakama haiamui biolojia. Bodi ya shule za Dover, jimbo la Pennsylvania, iliagiza wanafunzi watajiwe usanifu wenye akili kama mbadala wa mageuko. Wazazi 11 wakashtaki. Na Desemba 2005 Jaji John E. Jones akaamua kwamba hoja hiyo si sayansi na kuifundisha hivyo katika shule ya umma kunakiuka katiba ya Marekani. Kilichonivutia mimi ni ushahidi mmoja wa kimaandishi. Kitabu kilichopendekezwa kwa wanafunzi kilikuwa na rasimu za zamani zilizozungumzia "wanauumbaji". Baada ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kuamua mwaka 1987 kwamba uumbaji usifundishwe kama sayansi, neno hilo likabadilishwa kuwa "watetezi wa usanifu". Mahali pamoja aliyebadilisha aliteleza, na yakabaki maneno mawili yaliyogandana, la zamani likichungulia ndani ya jipya. Waliotafuta alama za nia siku hiyo walizipata.

Neva iliyopotea njia

Upande wa pili nao una uzembe wake. Utasikia: mwili wa binadamu una makosa ya kijinga, kwa hiyo hakuna msanifu. Mfano unaopendwa ni neva inayokwenda kwenye zoloto, kisanduku cha sauti. Ile ya kushoto hutoka kwenye ubongo, inapita jirani na zoloto, haisimami, inateremka hadi kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, kisha inapanda tena shingoni. Kwa twiga mchepuko huo ni wa mita kadhaa, kwenda mahali palipokuwa umbali wa sentimita chache.

Ni neva ya ajabu, lakini hitimisho hilo linafanya kosa lile lile la Paley kwa kichwa chini: linajifanya kujua msanifu angetaka nini. Usiyemjua huwezi kumpima, si kwa uzuri wa kazi yake wala kwa ubaya. Thamani ya mfano huu iko kwingine. Kwa samaki, neva inayolingana na hiyo hupita njia iliyonyooka nyuma ya mshipa wa damu wa shavu, kile kiungo cha kupumulia majini. Katika ukoo ambao moyo ulihamia kifuani na shingo ikarefuka polepole, neva ilinaswa upande usiofaa wa mshipa. Njia yake ni kumbukumbu ya safari.

Vitamini C inasema vivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Mbwa na mbuzi huitengeneza mwilini mwao. Sisi hatuwezi, tusipoila tunapata kiseyeye. Lakini jeni, yaani maelekezo ya urithi, ya kimeng'enya cha mwisho cha kazi hiyo (protini inayokamilisha utengenezaji) bado tunayo, imevunjika. Sokwe na kima wanayo pia, imevunjika vilevile. Simbilisi nao hawatengenezi vitamini C, ila jeni yao imevunjika kivyake. Mwalimu anayesahihisha mitihani anajua maana ya makosa yanayofanana. Majibu sahihi yanayofanana hayathibitishi chochote, lakini makosa yale yale, mahali pale pale, yanamwambia kuna mtu kanakili. Hapa kunakili kwenyewe ni kurithi, na makosa yametoka kwa babu mmoja.

Panapobaki pagumu

Yako maswali mawili ambayo mtetezi wa mageuko hapaswi kuyapita kwa madaha. La kwanza ni chanzo cha uhai. Uteuzi asilia unahitaji kitu kinachojinakili kabla haujaanza kazi, na jinsi kitu hicho cha kwanza kilivyotokea bado ni utafiti unaoendelea. Hapa ndipo usemi kwamba "DNA ni msimbo, na kila msimbo una mwandishi" hupata nguvu. Ni kweli herufi nne za molekuli hiyo ya urithi husomwa tatu tatu kutengeneza protini. Lakini hakuna anayezisoma. Ni molekuli zinazogusana na kuachana kwa kufuata kemia. "Msimbo", "herufi" na "kusoma" ni maneno tuliyoyaazima kutoka maisha yetu, na msimbo wa mwanadamu tunamjua mwandishi wake kwa njia zile zile tulizomjua aliyeandika jina mchangani.

La pili ni lile la sheria za asili zenyewe, na nakiri hili hunikosesha usingizi kuliko flajela. Kaboni, ambayo kila kiumbe tunachokijua kimejengwa kwayo, hupikwa ndani ya nyota, na mapishi hayo yanategemea kiwango mahususi cha nishati katika kiini cha atomu yake. Mwanafizikia Fred Hoyle alisema mwaka 1953 kwamba lazima kiwango hicho kiwepo, kwa sababu kaboni ipo kwa wingi. Wanafizikia wa California wakapima, wakakikuta karibu pale pale alipotabiri. Viwango kadhaa vya namna hii vingekuwa tofauti, kemia tunayoijua isingekuwepo.

Uteuzi asilia hauna la kusema hapa, kwa sababu sheria za fizikia hazizaani. Wako wanaosema ni kazi ya Mungu. Wako wanaosema ulimwengu si huu mmoja tu, na sisi tupo katika ule unaokalika. Wako wanaosubiri fizikia ya ndani zaidi ionyeshe kwamba viwango hivyo havikuweza kuwa vingine. Kukadiria lipi lina uwezekano mkubwa kunahitaji kujua viwango vilikuwa huru kubadilika kiasi gani, na tunao ulimwengu mmoja tu wa kupimia.

Hoyle mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa dini, aliandika mwaka 1981 kwamba mambo hayo yalimfanya aone kama vile akili kuu imezichezea sheria za fizikia. Wengine waliotazama namba hizo hizo hawakuona kitu cha aina hiyo. Utabiri wake wa mwaka 1953 lakini haukuhitaji akili kuu wala kutokuwepo kwake. Ulihitaji jambo moja ambalo pande zote zilikuwa nalo mezani: kaboni ipo.